Vinia haibanduki, jamani

Kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja nimeambiwa maneno yale yale kuhusu vinia, vile vigamba vyembamba vya kauri vya kufunika uso wa meno ya mbele, kioo kikiwa mkononi. Safari hii ni binti wa Makorora, hapa Tanga, miaka 24, harusi ikiwa imebakiza wiki tano. Kakaa kitini, kafungua mdomo, nimeangalia. Meno mazima, fizi hazitoki damu. Jino moja la mbele limemlalia kidogo jirani yake, na rangi ni ya meno ya mtu anayekunywa chai ya rangi kila siku. Namuuliza anataka nini.

"Dokta, nataka kumi ya juu. Yale ya kubandika tu. Nikiyachoka nabandua, narudia yangu."

Atarudia yapi?

Nimelieleza jambo hili mpaka msaidizi wangu amelikariri. Juzi nimemsikia akimhubiria mtu pale mapokezi hata kabla faili halijafunguliwa. Basi naliandika, akija mwingine nimpe simu asome wakati nachemsha vifaa.

Huwa natoa kadi ya benki kwenye pochi. Unene wake ni milimita 0.76. Vinia ya kauri ya kawaida ni nyembamba kuliko hiyo, huzungukia nusu milimita. Sasa ichukue, ibandike juu ya jino bila kulipunguza: jino limenenepa, mdomo wa juu umesukumwa mbele, na pale kwenye ukingo wa fizi pana kidaraja ambacho ukoga utakipenda kuliko unavyoyapenda meno yenyewe. Ndiyo maana tunasaga. Tunatoa nusu milimita ya jino lako ili tuweke nusu milimita ya kauri yangu. Hilo neno "kubandika" linalotumika mjini linasema nusu ya pili ya kazi tu, ile ya dakika za mwisho.

Enameli ya jino la mbele, yaani lile gamba gumu la nje, pale karibu na fizi, yenyewe huenda isifike nusu milimita. Ukizubaa umeshaingia kwenye dentini, tabaka laini zaidi lililo chini yake, na gundi zetu zote zinaipenda enameli zaidi ya dentini. Kucha hukua, nywele huota, mfupa ukivunjika huunga. Enameli hapana. Chembechembe zilizoijenga zilikwisha kazi yake na kupotea jino lilipochomoza, wewe ukiwa darasa la kwanza au la pili.

Nasema haya kwa ukali lakini uvumi huu haukutoka hewani. Vinia za kwanza zilikuwa kweli za kubandika na kubandua. Mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari wa meno wa California aliyeitwa Charles Pincus aliwatengenezea waigizaji wa sinema vigamba vyembamba vya kuvaa mbele ya kamera, vikishikiliwa na unga wa kushikia meno bandia. Picha ikiisha, vinatolewa. Hakuna aliyekula navyo pilau. Kilichobadilisha mambo ni tindikali: mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa tindikali ya fosforasi inachimbika vishimo vidogo mno ambavyo plastiki inaweza kung'ang'ania, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wakajua kuichimba na kauri vilevile, kwa tindikali nyingine. Toka hapo vinia ikawa kitu cha kulia chakula, na toka hapo haibanduki. Watu wamebaki na habari ya mwaka 1930 na bei ya leo.

"Sasa ikiharibika mnaitoaje?" Swali zuri. Haitoki, inasagwa. Nachukua ncha ya almasi, naikata kauri kwa mstari wima, kisha naila kidogo kidogo. Gundi niliyotumia niliichagua mwenyewe ifanane rangi na jino, maana ndiyo uzuri wa kazi. Sasa uzuri huo unanigeuka. Kila baada ya sekunde chache nasimamisha maji, napuliza hewa, nainamisha taa, natazama mng'ao. Kauri ina mng'ao wa kikombe. Gundi imefubaa kidogo. Enameli ikikauka inapauka, inakuwa na weupe wa chokaa. Mstari kati ya hivyo vitatu nauona kwa macho yangu haya yenye miwani, na ningekuwa mwongo nikisema kila mara nimesimama pale pale ilipoishia gundi. Kila vinia inayobadilishwa hula jino kidogo zaidi. Kuna wenye leza za kulegeza gundi, kazi inakuwa safi kuliko yangu. Hata hao hawarudishi kilichosagwa siku ya kwanza.

Na sasa yule atakayeniambia, "Mbona kuna za bila kusaga?" Zipo. Zinawafaa wachache: mwenye meno madogo, mwenye mianya, mwenye meno yaliyoingia ndani. Mwenye meno yaliyojaa na kutokeza akiwekewa hizo atafanana na mtu aliyeshika ganda la chungwa mdomoni. Hata hizo kuzitoa ni kwa kusaga vilevile.

Kibaya kuliko vyote ni mtu anayenionyesha picha za watu waliosafiri hadi Uturuki, na chini imeandikwa vinia, huku mimi naona meno yamechongwa kila upande yakawa vigingi. Hizo ni krauni. Krauni inavalishwa jino zima kama kofia, na kuitayarisha kunaondoa zaidi ya nusu ya jino linaloonekana. Kwa jino lililovunjika au lililotibiwa mzizi, krauni ni mwokozi. Naiweka kila wiki. Kwa jino zima la kijana wa miaka 24 ni msiba wa kulipia. Jino hai likichongwa kiasi hicho, kiini chake kinaweza kufa, pengine mwezi wa pili, pengine mwaka wa saba, na hapo unarudi kutibiwa mzizi kupitia tundu lililotobolewa kwenye kauri uliyoilipia.

Na daktari anayeita krauni vinia anajua anachofanya. Basi.

Kuna kitu kimoja Tanga hii kinanichekesha: mwanya. Alikuja binti mwingine kuziba mwanya wake, kwa sababu huko chuoni wenzake walimwambia jino limetoka. Nikamwekea kompositi, ile plastiki ngumu ya rangi ya jino, pembeni mwa meno mawili, bila kusaga, kazi ya saa moja. Alipokwenda Pangani kwa bibi yake, ikawa kesi. Bibi aliniletea mjukuu mwenyewe, kashika mkoba kifuani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mwanya wa mjukuu wangu umeuweka wapi?" Mwanya ule ulikuwa wa mama yake na wa bibi mwenyewe, na ulikuwa umeshaimbiwa harusi mbili. Nikaitoa kompositi, nikasugua, mwanya ukarudi, na bibi akaniletea embe. Hiyo ndiyo kazi inayokaribia kubandua na kurudia yako, na ni ya bei nafuu, kwa sababu hatukugusa jino. Angekuwa amewekewa kauri mbili, bibi angekasirika na mimi ningekuwa sina la kumfanyia.

Kung'arisha nitakupitisha haraka. Trei ya plastiki iliyochukuliwa kipimo cha meno yako, jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, usiku, wiki mbili au tatu. Meno yatasisimka ukinywa maji baridi, kisha hutulia. Haing'arishi kauri wala kompositi, kwa hiyo ikibidi vyote viwili, unang'arisha kwanza, unasubiri kama wiki mbili ndipo tunagundisha. Limau na mkaa acheni. Limau ni tindikali, na mnajua sasa tindikali inaifanyia nini enameli.

Wenye meno ya kahawia ni habari nyingine, na hapo ukali wangu unapungua. Karibu wote ninaowaona hawakulelewa hapa. Wamekulia Arusha, Kilimanjaro, Singida, kwenye maji yenye floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu yapo maeneo ambayo hayakuwa na maji mengine. Dosari ile iliingia jino likijengwa, mtoto akiwa bado mdogo sana. Siyo uchafu. Hakuna mswaki, jivu wala mchanga utakaoitoa. Nina mgonjwa, fundi wa boti, mtu mzima, anayecheka na kiganja mdomoni. Tulianza kwa kusugua kwa tindikali hafifu na unga wa pumisi, tukang'arisha, tukafunika meno mawili tu yaliyochimbika. Hayakuwa meupe kama sahani. Lakini wiki iliyofuata alikuja kulipa salio akacheka kwa sababu nyingine kabisa, na mkono wake ulibaki mfukoni. Yule kama angetaka kauri, ningesaga bila kunung'unika.

Hapo ndipo sina uhakika, na vitabu vyangu havinisaidii. Mimi ni nani wa kuamua kwamba aibu ya fundi boti ni halali na ya bi harusi wa Makorora ni tamaa? Nilimkataa kijana mmoja miaka kadhaa nyuma, meno mazuri tu, nikamhubiria nusu saa. Akaenda kwingine. Tulikutana Raskazone, kauri nane, amependeza, anaongea na watu bila kuinama. Akanisalimia kwa adabu. Nilijiona mjinga, kisha nikajiambia tukutane baada ya miaka kumi na tano. Sijui hiyo sauti ya pili ilikuwa ya daktari au ya mtu aliyekosa kazi ya kulipwa.

Maana pesa ipo. Kauri kumi, ukijumlisha vipimo ninavyovituma maabara Dar kwa basi, zinakaribia bei ya bodaboda mpya. Na si mara moja. Vinia ya kauri iliyowekwa vizuri inadumu miaka kumi, kumi na tano, nyingine zaidi. Kompositi ni pungufu ya hapo. Ukianza na miaka 24 jumlisha mwenyewe utalipa mara ngapi kabla ya kuitwa bibi. Bima haigusi urembo. Na kama unasaga meno usingizini, au unafungua soda kwa meno, usinipotezee kauri yangu.

Yule bi harusi nilimfanyia jaribio. Nilichukua vipimo, nikajenga umbo kwa nta, siku ya pili nikamvalisha ganda la plastiki juu ya meno yake bila kusaga hata chembe. Nikamwambia atoke nalo, ale, apige picha, azungumze na mchumba. Hilo ndilo la kubandua. Alirudi kesho yake akasema sauti ya "s" inampiga mluzi na mama mkwe kamuuliza kama ana baridi. Nikampa trei na jeli, nikamwandikia tarehe ya kurudi.

Hakurudi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Msaidizi wangu ana picha kwenye simu: bi harusi kacheka mdomo wazi, hina mpaka kwenye viwiko, meno meupe. Nimeikuza kwa vidole viwili mpaka ikawa vidoto vidoto, nikitafuta lile jino lililolalia jirani yake. Mdomo wa juu umelifunika.