Kigango hakitaki gundi

Nikishikishwa ubao wa kale, mikono hujua la kufanya kabla ya kichwa. Huugandisha kwenye friza ili bungua wafe, huupangusa vumbi kwa brashi laini, kisha huuweka kwenye chumba ambacho unyevu wake haupandi wala haushuki. Ndiyo kazi niliyosomea, kuhifadhi vitu vya makumbusho. Ila kwa vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ustadi huo wote unakwenda kombo.

Kwa asiyevijua: kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, kichwa mviringo, mwili bapa uliojaa pembetatu ndogondogo. Huchongewa marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Watu wengine huwekewa koma, kijiti kifupi tu. Mara nyingi marehemu mwenyewe ndiye hukidai, kwa ndoto au kwa maradhi yanayoiandama familia. Kikishasimama hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi, huombwa. Na hakihamishwi. Familia ikihama hukiacha palepale, ikachonga kibao kidogo kwa makao mapya. Kile cha zamani ni cha mvua na mchwa, na wenyewe wanajua hivyo tangu siku ya kukisimika.

Ukikutana nacho ng'ambo, tazama miguuni. Kama wezi hawakukikata, utaona mstari mahali udongo ulipoishia: chini pameliwa, juu pamepauka kwa jua. Kwenye fomu zetu hiyo huandikwa “hali mbaya” na dawa yake ni gundi. Vitambaa ndivyo huwa vimeshatupwa, eti vinaficha uchongaji.

Wazuni wa New Mexico walianza kuzidai Ahayu:da zao, sanamu za mbao za miungu pacha ya vita, mwaka 1978. Hofu ya makumbusho ilikuwa kwamba zikirudi zitaoza. Kwa Wazuni, kuoza ndiyo kazi yake. Denver Art Museum ilirudisha mwaka 1980, taasisi ya makumbusho ya Smithsonian ikafuata 1987, na Wazuni wakaziweka mahali palipolindwa dhidi ya wezi lakini pa wazi kwa jua na mvua. Nauhusudu ufundi huo: adui ni mwizi, hali ya hewa ni mwenzao.

Anayedhani huko ni kutojali urithi aende kwenye kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2008. Miti ile ilisalimika kwa makatazo ya wazee, bila friza.

Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa 1985 vilirudi Kenya kutoka Illinois State Museum na Hampton University. Kilichovirudisha ni picha: mtafiti Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mwenye vigango hivyo akiwa navyo kabla ya wizi, na miaka mingi baadaye akakitambua kimoja Marekani. Vile 30 ambavyo Denver Museum of Nature & Science iliviondoa kwenye mkusanyo wake mwaka 2014 havikuwa na bahati hiyo. Vilifika Kenya 2019, lakini wafanyabiashara walikuwa wameviuza bila jina la mji wala la ukoo (vingine vya aina hiyo vilipitia sebule za waigizaji wa Hollywood). Sasa mahali pa kuvirudisha ni wapi? Daftarini asili yake ni “Pwani ya Kenya”, na hapo hakuna mzee anayejua amwage tembo mlango wa nani.