Washeni DEBUG mnavyotaka, jibu halimo: dhana potofu kuhusu logi za majaribio

"Tumewasha DEBUG kila mahali, kwa hiyo hakuna kitakachotupita." Nimeisikia tena wiki hii, kwa timu iliyoniita kwa sababu jaribio la malipo lilikuwa linaanguka usiku na asubuhi hakuna anayejua kwa nini. DEBUG ni kiwango kinachoandika kila hatua kwenye logi, yaani kumbukumbu ambazo programu huandika inapofanya kazi.

Dhana: Ukiandika kila kitu, kosa litajitokeza lenyewe.

Halijitokezi, linazikwa. Nilifungua logi yao nikakuta maelfu ya mistari: kila ombi ambalo Selenium, zana inayoendesha kivinjari, ilituma kwa kivinjari, kila muunganisho uliofunguliwa na `urllib3`, maktaba ya mawasiliano ya mtandao. Chini kabisa, mahali pa jibu, palikuwa na mstari huu:

`AssertionError: False is not true`

Mstari huo haumsaidii mtu yeyote. Umetokana na `assertTrue(kiasi == 1500)`. Ulinganisho unafanyika kwanza, na kinachofika kwenye `unittest`, zana ya majaribio ya Python, ni neno False tupu, namba zimeshapotea. Tulibadilisha ikawa `assertEqual(kiasi, 1500)`, tukaendesha upya:

`AssertionError: 1530 != 1500`

Msimbo ukiandikwa hivyo, hata aliyeajiriwa jana ataona kuna 30 za ziada na kuuliza zimetoka wapi. Ilikuwa ada ya muamala. Siku zote walizopoteza zilitokana na mstari mmoja wa msimbo, na wingi wa logi ulikuwa unauficha.

Kwenye Python, logi mama huanzia kiwango cha WARNING, yaani maonyo na makosa tu. Ukiishusha hadi DEBUG, umeziruhusu maktaba zote zipige kelele pamoja nawe. Washa DEBUG kwa logi yako tu, na `urllib3` na wenzake wabaki WARNING. Kisha kila mstari wako ubebe jina la jaribio, namba ya muamala, ulichotarajia na ulichopata. Mkiendesha majaribio kwa pytest, zana nyingine ya majaribio ya Python, tena sambamba kwa nyongeza yake pytest-xdist inayoyagawa kwa wafanyakazi kadhaa, huku mkiandika kwenye faili moja, ongezeni pia jina la mfanyakazi, `gw0`, `gw1` na kuendelea. Linapatikana kwenye kigeu cha mazingira `PYTEST_XDIST_WORKER`. Bila hilo mistari ya majaribio manne inaingiliana, mnaishia kumlaumu asiyehusika.

Hili nalirudia kila ninapokwenda: kabla ya kuongeza logi, vunja jaribio kwa makusudi, usome ujumbe wake. Usipoelewa kilichovunjika bila kufungua msimbo, rekebisha ujumbe kwanza.

Dhana: `print` inatosha. Pytest huyameza matokeo ya `print` na kuyatoa pale tu jaribio linapoanguka, ndiyo maana watu huniambia "haiandiki". Bendera ya `-s` huyafungulia, lakini ukiendesha kwa xdist haifanyi kazi. Isitoshe, `print` haina kiwango wala saa.

Dhana: Jaribio lililopita halina haja ya logi. Jaribio lililozoea kumaliza kwa sekunde 2, leo linatumia 20, bado ni la kijani. Utajuaje kama hukuhifadhi muda wake?

Dhana: Likipita kwenye marudio, la kwanza lisahaulike. Hapana. Logi ya jaribio la kwanza ndiyo yenye ushahidi, na mifumo mingi imepangwa kuifuta au kuiandika juu. Ihifadhini kando.

Dhana: Ni mazingira ya majaribio, nenosiri likionekana si neno. Nimekuta tokeni hai (funguo za kuingilia mfumo) na namba za simu za wateja halisi ndani ya logi za CI, mfumo unaoendesha majaribio wenyewe, ambazo kampuni nzima inaweza kuzisoma. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Taarifa za mteja hazigeuki bandia kwa kuwa mmezinakili kwenye majaribio. Zifunikeni kabla hazijaandikwa.

Dhana: Saa ni saa. Seva nyingi za CI hutumia UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Logi ikiandika 23:40 bila kutaja ukanda, aliyeko Dar es Salaam au Nairobi ataisoma kuwa ni saa tano na dakika arobaini usiku, aende kwenye logi za seva ya malipo, asikute kitu. Tukio lilikuwa saa nane na dakika arobaini usiku, na tarehe ilishabadilika. Malizieni kila saa kwa `Z` (UTC) au `+03:00` (Afrika Mashariki).