Chembe Si Kitu Kimoja katika Kila Sayansi
Wengi wetu tulitoka shuleni tukiamini kwamba chembe ni kitu kimoja tu, yaani kipande kidogo kabisa kisichogawanyika, awe anayekitaja ni mwanafizikia au mtaalamu wa udongo. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka, kwa kuwa neno lenyewe ni moja.

Hata hivyo, kila fani hulitumia kwa kipimo chake. Kwa mtaalamu wa udongo, chembe ya mchanga inaweza kufika upana wa milimita 2, ilhali ya udongo wa mfinyanzi haifiki milimita 0.002. Wanaochunguza hewa hujali zaidi vumbi lisilozidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), linalopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na punje moja ya upana huo ingeweza kupangiwa maelfu ya atomu toka ukingo hadi ukingo. Chembe nyekundu ya damu, yenye upana wa mikromita 7 hivi, ni seli nzima. Elektroni ndiyo inayokaribia ile maana ya shuleni, kwani hadi sasa haijaonekana kuwa na sehemu ndani yake. Protoni, ambayo nayo huitwa chembe, imeundwa kwa vitu vidogo zaidi viitwavyo kwaki.

Anayetaka kuhakiki atazame kwanza kizio kilichoandikwa kando ya tarakimu. Au atikise udongo na maji katika chupa angavu: mchanga hutua upesi, pengine kabla hajaiweka chupa mezani, lakini chembe za mfinyanzi zinaweza kuyaacha maji na ukungu kwa siku kadhaa.