Kunywa pombe si kukubali

Mpwa wangu alikuwa anapanga sanduku la kwenda chuo, huku anakunja shuka akaniuliza, "Lakini anti, kama msichana amekunywa mwenyewe na hajasema hapana, si amekubali ngono?" Nikaweka chai chini. Hiyo kauli nimeisikia hata kwa watu wazima kabisa, na si kweli.

Sheria ya Kenya ya makosa ya kingono ya 2006, kifungu cha 42, inasema kukubali ni kuamua kwa hiari ukiwa na uhuru na uwezo wa kuamua, halafu kifungu cha 43 kinataja wazi asiyeweza kukubali: mtu aliyelala, aliyezimia, na aliyelewa mpaka akili imevurugika, na hakibagui kama pombe alijimiminia mwenyewe. Ubakaji adhabu yake inaanzia miaka 10.

Kinachowachanganya vijana ni kwamba mtu anaweza kuwa anatembea, anacheka, anadansi, na ubongo umeshaacha kuweka kumbukumbu, kesho hajui alifikaje rumu. Kwa hiyo mwangalie vizuri, namba ya siri ya simu anaikosea mara tatu, swali lile lile anarudia, viatu mkononi... hapo hakuna cha kuomba, mtafutie maji na rafiki anayemwamini afike salama. Na mvulana akilewa ni vile vile.

Ikishatokea, aliyebakwa aende hospitali haraka bila kuoga kwanza, dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na jamani msimuulize alikunywa glasi ngapi.