Ukiuliza pesa za spitali, umepinga spitali?

Mwezi wa Mei na Juni, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar likikaa kwa bajeti pale Chukwani, redio za barzani hupandishwa sauti. Ikifika zamu ya Wizara ya Afya, Mwakilishi wa upinzani akisimama kuuliza zilikokwenda fedha za dawa, barza hugawika hapo hapo, kahawa haijapoa. Hawa wanasema huyu hapendi maendeleo. Wale wanasema huyu ndiye mwanamme, wote wamekula. Nimekaa barza za namna hiyo Wete na nimekaa nyengine Unguja mjini, na maneno ni yale yale, ukiyasikiliza Kisonge kwa watu wa CCM au Jaws Corner kwa wapinzani. Mengi yake si kweli, na uongo wake hauna chama kimoja.

"Anayehoji matumizi ya afya hataki spitali."

Hili ndilo linalorudiwa kuliko yote, na ndilo linalofunga midomo. Tuanze na pesa zenyewe. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliipatia Tanzania dola milioni 567.25 za kukabiliana na athari za UVIKO-19. Mgao wa Zanzibar ulikuwa shilingi bilioni 231. Sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyosimamisha spitali za wilaya Unguja na Pemba, na ile ya mkoa pale Lumumba. Majengo yapo, na mtu aliyekuwa akisafiri na mgonjwa wake usiku kutoka shamba hahitaji kuelezwa faida yake.

Lakini watu wengi bado wanaziita "pesa za msaada". Ulikuwa mkopo. Kiasi cha theluthi moja ni cha mpango usio na riba, wenye muda mrefu wa kulipa. Theluthi mbili zilizobaki zina masharti magumu zaidi na muda mfupi zaidi. Kwa hiyo Mwakilishi anayeuliza bei ya tofali la spitali ya wilaya anauliza juu ya deni ambalo yeye na wapiga kura wake watalilipa. Huwezi kumwambia mtu asiangalie risiti ya deni lake.

Kisha kuna jambo ambalo kila aliyejenga nyumba analijua. Nyumba unaijenga mara moja, lakini umeme unaulipa kila mwezi. Katika vitabu vya bajeti, jengo liko kwenye fedha za maendeleo, na vitendanishi vya maabara, mafuta ya jenereta, glavu na posho ya daktari wa zamu viko kwenye matumizi ya kawaida. Ni mifuko miwili, na mmoja ukijaa haina maana mwengine nao umejaa. Spitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani imejengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016, zawadi kubwa kwa Pemba, lakini zawadi hailipi bili ya umeme ya ZECO wala haitengenezi mashine inayozimika. Mpinzani anayesema "mashine imenunuliwa, matengenezo yake yako kasma gani, fungu gani la bajeti?" anauliza ili spitali isigeuke jumba la maonyesho.

Ni hivyo hivyo katika suala la kuzipa kampuni binafsi kazi kama za maabara na mionzi ndani ya spitali za Serikali. Unaweza kulikubali jambo hilo na bado ukataka kujua Serikali inalipa kiasi gani kwa kipimo kimoja, na nani anabeba hasara mashine ikikaa wiki mbili haifanyi kazi. Majibu ya maswali haya yamo ndani ya mkataba.

"Waziri wa Afya alikuwa wenu. Mnauliza nini?"

Hapa ndipo napapenda, kwa sababu aliyeyabuni maneno haya alikuwa na akili. Tazama orodha. Baada ya kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ya CCM na wapinzani pamoja, Wizara ya Afya ilishikwa na Juma Duni Haji wa CUF. UVIKO-19 ilipoingia 2020, aliyekuwa akitangaza wagonjwa ni Hamad Rashid Mohamed wa ADC, ambaye yeye aliteuliwa baada ya uchaguzi wa marudio wa 2016 uliosusiwa na CUF. Umoja wa Kitaifa uliporudi, Afya ikaenda kwa Nassor Ahmed Mazrui wa ACT-Wazalendo. Barzani wanasema wizara hii hupewa wapinzani kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa na kila mwenye mtoto mwenye homa. Hucheka wakisema hivyo, nami hucheka nao.

Sasa ukweli. Waziri huteuliwa na Rais, akiingia Baraza la Mapinduzi anafungwa na uwajibikaji wa pamoja, na ufunguo wa hazina hauko kwake, uko Wizara ya Fedha. Anaweza kuomba bilioni kadhaa za dawa, zikaandikwa, zikapitishwa, zikaja nusu. Mwenzake wa chama aliyekaa benchi la nyuma hakula kiapo cha uwaziri, na kazi yake ni kuihoji Serikali, pamoja na waziri anayetoka chama chake. Hakuna kinyume hapo.

Ila na upinzani nao wasikilize. Huwezi kupanda jukwaani ukajisifia kituo cha afya kilichofunguliwa na waziri wenu, halafu dawa zikikosekana ukasema "ni yao". Ukichukua sifa za wizara, chukua na lawama zake.

"Baraza limeshapitisha, fedha zipo."

Baraza likipitisha bajeti limetoa ruhusa tu. Fedha huingizwa kwa awamu, kwa kadiri makusanyo yanavyoingia na wafadhili wanavyotimiza ahadi. Ndiyo maana kila kasma ina hesabu tatu: iliyopangwa, iliyoingizwa na iliyotumika. Waziri anapenda kuisoma ya kwanza. Mpinzani anapenda kutoa ya tatu kwenye ya kwanza na kusema kinachobaki kimeliwa.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Mwaka mmoja nilipata kitabu cha makadirio, nikakipiga mahesabu usiku kucha, asubuhi nikatangaza barzani kwamba fungu zima la vifaa limepotea. Mzee mmoja aliyestaafu uhasibu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ziliingizwa ngapi?" Sikuwa na jibu. Hazikuingizwa hata robo. Hiyo ni aibu ya aina nyengine, pengine kubwa zaidi, lakini si wizi.

Na wapo wanaomlaumu Mwakilishi kwa kutoliongeza fungu la afya. Hana uwezo huo. Hoja ya kuongeza matumizi lazima itoke Serikalini. Anachoweza ni kuuliza, kuzuia shilingi ya waziri, yaani kukataa fungu lake lisipite, mpaka apate maelezo, na kuikamata kauli ya waziri ili mwakani amkumbushe.

"CAG keshasema wameiba."

Kwanza muulize msemaji: CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, yupi? Ripoti inayovuma kila Aprili kutoka Bara haikagui vitabu vya Serikali ya Mapinduzi. Zanzibar ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wake, ambaye ripoti yake humfikia Rais na kisha Baraza la Wawakilishi. Pili, hoja ya ukaguzi ni suali lililoandikwa. Hati ya malipo haikuonekana, mzigo umelipiwa na hauna stakabadhi ya kupokelewa. Pengine karatasi imepotea, pengine mzigo haukuwahi kufika. Kuthibitisha kosa la jinai ni kazi ya ZAECA, mamlaka ya Zanzibar ya kupambana na rushwa, na mahakama. Mwanasiasa anayeisoma hoja kama hukumu anampa mkosaji wa kweli mlango wa kutokea, maana hoja ikijibiwa kwa karatasi moja tu, barza nzima itasema "si mnaona, alikuwa mwongo".

"Abuja ilitulazimisha asilimia 15."

Wakuu wa nchi za Afrika waliahidi Abuja, Aprili 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi si sheria, na hakuna mahakama itakayompigia faini waziri. Inafaa kama kipimo cha aibu. Lakini anayeitaja aseme pia ndani ya asilimia yake ameweka nini. Fedha za wafadhili? Mishahara? Ujenzi? Ukibadilisha kinachohesabiwa, jibu nalo linabadilika, na hilo wanalijua wa pande zote.

"Matibabu ni bure."

Bure ya baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikuwa na maana moja: mgonjwa halipi mlangoni. Haikuwa na maana kwamba hakuna anayelipa. Siku aliyoandikiwa dawa akaambiwa akanunue duka la nje, alikuwa anailipia bure hiyo mara ya pili. Sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya ya 2023 imeongeza njia ya tatu, makato ya mshahara. Wapo wanaoiita kodi ya kujificha, wapo wanaoiita mwisho wa tabu. Kwa anayefuatilia pesa, jambo la maana ni kwamba sasa spitali ina mifuko miwili inayoilisha, bajeti na mfuko, na suali linaloulizwa Chukwani kuhusu mmoja halijibiwi na mwengine. Mfuko wenyewe nao hukaguliwa, na hesabu zake zina haki ya kuhojiwa kama za wizara.

"Wabunge wetu wa Dodoma watalisemea."

Afya haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Dawa zikikosekana Micheweni, Pemba, Waziri wa Afya aliyeko Dodoma hana fungu la kuzinunulia, na Bohari ya Dawa ya Bara si ile inayoihudumia Micheweni. Mzigo wetu unatoka Bohari Kuu ya Dawa, Maruhubi, na wa Pemba lazima uvuke bahari. Kwa hiyo ukifika kituoni ukaambiwa "panadoli hakuna", usianze na Dodoma, wala usianze na chama. Muulize mwenye stoo lini alipeleka oda mara ya mwisho, aliomba kopo ngapi, na zilikuja ngapi. Yaandike hayo, kisha mpelekee Mwakilishi wako, awe wa chama chochote, kabla ya Mei.