Gunia la unga stesheni ya Kigoma: dhana potofu kuhusu chakula cha safari ya Gombe

Kila likizo ya Juni nyumba yangu hapa Mwanga, mjini Kigoma, hugeuka gesti. Wanatoka Dar, wanatoka Morogoro, na wote wanataka kuwaona sokwe wa Gombe kabla shule hazijafunguliwa. Hifadhi yenyewe iko kilomita 16 tu kaskazini mwa mji, ila barabara haifiki, ni boti tu. Nauli na kiingilio wageni wangu huwa wameshavipigia hesabu tangu mwaka mpya. Kinachowatoboa mfuko ni chakula. Na si kwamba Kigoma chakula ni ghali, hapana. Wanafika na mambo waliyokwisha kuyaamini huko walikotoka, na hayo ndiyo yanayowagharimu.

Mfano mzuri ni shemeji yangu, mume wa dada. Juni 2024 alishuka stesheni na mke, watoto watatu, na gunia la sembe la kilo 25. Juu yake mchele, dumu la mafuta ya alizeti, boksi la nyanya, vitunguu, na pakiti mbili za chumvi. Chumvi! Treni imepita Uvinza, mahali ambapo watu wamechemsha chumvi tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, naye ana chumvi ya dukani Mbagala kwenye begi.

"Beba kila kitu kutoka nyumbani, ndiyo utaokoa"

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Kweli, mtu aliyebeba chakula hanunui hovyo. Lakini hesabu haiishii dukani. Shemeji alimlipa mpagazi Dar, akamlipa mwingine hapa, akakodi bajaji mbili badala ya moja kwa sababu ya mzigo. Nyanya zilikuwa zimepondeka, maji yake yameingia kwenye unga, na robo ya gunia tuliwapa kuku. Tulipojumlisha, kilo ya ule unga ilikuwa imemgharimu kuliko angeinunua hapo sokoni Mwanga, mita mia chache kutoka mlangoni kwangu.

Mkoa huu unajilisha. Maharage yanatoka Kasulu na Kibondo, mihogo na ndizi ziko kila pahali, na mawese ndiyo mafuta yetu ya asili. Cha kubeba kutoka Dar ni chakula cha njiani tu, na labda mchele kama una wako wa shambani.

Ila kuna upande wa pili ambao wengi hawauoni. Wakishagundua kwamba Kigoma kuna kila kitu, wanadhani na hifadhini ni hivyohivyo. Gombe ni msitu na ufukwe, usitegemee duka. Ukitaka kujipikia kwenye nyumba za wageni za hifadhi pale Kasekela, piga simu mapema uulize jiko, vyombo na kuni au gesi, kisha ununue kila kitu mjini, mpaka kiberiti. Nunua siku moja kabla. Usingoje mpaka uko ufukwe wa Kibirizi boti linapakia, maana pale muuzaji anaona kabisa kwamba huna muda. Na weka vitu kwenye kikapu au mfuko mbadala, ile mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na mpaka leo kuna wageni wanaoshuka nayo.

"Kwenye treni utanunua dirishani, chakula ni kwa bei ya kutupa"

Ukipanda treni ya kawaida, ndiyo, dirisha ni soko. Kuku wa Saranda ana sifa nchi nzima. Tabora treni inakaa, unashuka unanyoosha miguu, unapata mayai, karanga, maembe kwa msimu wake, na asali.

Tatizo ni saa. Watu wanapanga: mchana tutakula stesheni fulani, jioni fulani. Treni ikichelewa saa sita, na huwa inachelewa, ile stesheni ya kuku mnaipita usiku wa manane watoto wamelala, na asubuhi mnaamkia kwenye kistesheni chenye mama mmoja na beseni la viazi vitamu. Hapo mnaenda bogi la mgahawa mkiwa na njaa, watu watano, na kila mtu anaagiza sahani yake. Kwa hiyo beba chakula cha siku moja kamili kisichoharibika: mayai ya kuchemsha kwa mlo wa kwanza, kisha chapati kavu, mihogo ya kukaanga, karanga. Ya dirishani iwe nyongeza.

Jambo dogo lakini lina hela ndani: kuwa na chenji. Honi ikipigwa bei hushuka, kila msafiri mzoefu anajua, lakini ukiwa na noti ya elfu kumi mkononi, honi ileile inaondoka na chenji yako. Na wanaoanza safari na treni ya umeme hadi Dodoma wakumbuke kwamba madirisha yake hayafunguki.

"Kigoma samaki ni bure"

Hapa nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wageni wanaponuna.

Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa. Samaki wanafuata mwanga, nyavu zinawakusanya. Sasa mbalamwezi ikiwa kali, taa ya mvuvi inakuwa kama mshumaa mchana, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi mingi inabaki ufukweni. Wavuvi wanangoja giza. Siku hizo za mwezi mpevu utafika Kibirizi asubuhi ukute mafungu madogo, wachuuzi wengi, na bei imepanda mti. Wiki mbili baadaye, giza likiwa limetulia, fungu lilelile linakuwa kubwa na mama anakuongeza mawili juu bila kuombwa. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi tazama kalenda ya mwezi. Haikugharimu hata senti.

Kisha kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Tazama hizo tarehe vizuri: likizo ya Juni yote imo ndani. Shemeji alikuwa amewaahidi watoto samaki aina ya kuhe wa kuchoma, kuhe mkubwa, ametanua mikono kuwaonyesha. Tukala maharage siku tatu, siku ya nne akanunua kuku wa kienyeji wawili kwa bei iliyomfanya anyamaze mpaka magharibi. Dagaa wakavu walikuwepo, lakini kwa bei ambayo sisi wenyeji tulikuwa tunachukua robo kilo badala ya sado.

Na kama samaki wapo, usiwanunue ukiwa umevaa kofia ya mtalii na kamera shingoni. Nenda asubuhi, na mwenyeji ikiwezekana, uliza bei mafungu matatu kabla ya kugusa lolote. Mpe kijana akuparie palepale, ni hela ndogo na nyumbani haunuki.

Dagaa wa kurudi nao Dar ni somo la peke yake. Kuna walioanikwa juu ya vichanja na kuna walioanikwa mchangani. Wa mchangani ni rahisi, na mgeni anaona amepata. Chukua kiganja kimoja, wasugue taratibu kwa viganja viwili juu ya karatasi nyeupe, kisha utazame karatasi. Mchanga ule unapimwa kilo pamoja na dagaa, halafu nyumbani unawaosha maji manne na bado meno yanalia. Nilimfanyia hivyo jirani yangu mmoja wa zamani alipokuja kutembea, pale Katonga, mbele ya muuza mwenyewe. Mama yule hakukasirika. Alicheka, akafunua gunia la pili lililokuwa nyuma yake: "Haya dada, kumbe una mwenyeji. Chukua hawa."

"Beba ndizi mkienda msituni, watoto wasishinde njaa"

Hapana. Hapa si suala la hela tu.

Kwanza, kwa kanuni za hifadhi mtoto wa chini ya miaka 15 haendi kabisa kwenye msafara wa kuwatafuta sokwe. Watu hulijua hili wakiwa wameshafika, mzazi mmoja anabaki ufukweni na watoto bila chakula chao, kwa sababu kilichofungwa kilikuwa cha wapanda mlima. Panga vyakula viwili tangu nyumbani.

Pili, mbele ya sokwe hauli. Mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, alipofika Gombe Julai 1960 sokwe walikuwa wanamkimbia, na baadaye ndizi zilitumika ili wawazoee watu. Zilifanya kazi kupita kiasi: sokwe wakajazana kambini, wakagombana, na nyani nao wakaja kudai fungu lao. Ulishaji ule ukapunguzwa na hatimaye ukaachwa. Halafu kuna maradhi. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakapooza. Wanaugua tunayougua sisi, ndiyo maana ukiwa na mafua unazuiwa, na ndiyo maana ganda la ndizi ulilolitafuna si takataka ya kutupa tu.

Tatu, nyani. Hawa ndio wanaokula bajeti yako. Siku ile ufukweni mtoto mdogo wa shemeji alikuwa amekaa juu ya jiwe, chapati iko mapajani, anafungua soda. Nyani hakukimbia, alitembea, kama mtu anayekuja kusalimia. Akakaa hatua moja kutoka kwa mtoto, akatazama ziwa. Mtoto naye akatazama ziwa. Tulipogeuka chapati haipo, na sufuria iliyokuwa nyuma yetu ilikuwa imefunuliwa. Chapati kumi na mbili, nilizisukuma mimi mwenyewe saa tisa usiku. Kula ndani, mlango umefungwa, na chakula kikae kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana. Kitambaa juu ya hotipoti si mlinzi.

"Turuke chai ya asubuhi, tutakula mchana mara moja"

Hesabu ya wanaume wenye familia kubwa. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Gombe vinapita 1,500. Njia inapanda wima, unashika mizizi. Aliyekunywa uji mzito na mihogo anarudi anacheka, na aliyeruka chai anarudi akinunua chochote kwa yeyote. Uji ni unga kiganja kimoja.

"Maji ya ziwa ni masafi, ya nini kununua chupa?"

Ni kweli maji yanang'aa, unaona mawe chini. Ziwa lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani. Lakini ufukweni ndipo tunapoogea, tunapofulia na tunapooshea vyombo. Mei 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, kijiji cha mwambao huu huu kaskazini mwa Gombe, wakati wakimbizi kutoka Burundi walipofurika pale. Kwa mtu anayetaka kubana matumizi, dawa si chupa ndogondogo wala si kunywa ziwa. Chemsha maji sufuria mbili usiku wa kuamkia safari, yapoe, jaza madumu. Au nunua lile dumu kubwa la maji mjini na kila mtu awe na chupa yake ya kujazia. Shemeji alinunua chupa za nusu lita kwa watu watano, siku mbili, jua la Juni. Hata yeye siku hizi hataki kuitaja.

"Vyakula vya huku watoto hawataviweza"

Basi wanaagizwa chipsi kuku mchana na jioni, wakati mama lishe wa hatua kumi tu ana ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese na karanga. Mpe mtoto tonge moja bila kumtangazia. Wa shemeji waligombea sufuria. Na anayeogopa tumbo asitazame meza ina kitambaa au haina. Atazame kama chakula kinatoka jikoni kinafuka moshi, na kama kufikia saa nane sufuria zimeshageuzwa. Chakula kinachoisha mapema hakilali.

Sembe iliyobaki tuliimaliza Septemba. Wiki iliyopita shemeji kapiga simu, Desemba wanakuja tena. Nikangoja aanze kuniuliza bei ya unga.

"Shem," akasema, "hebu niambie kwanza, mwezi huo giza linaingia tarehe ngapi?"