Ukifika, farasi utamweka wapi?

Ameniandikia mtu wa nne mwaka huu na hesabu ileile. Kazini kwake ni kilomita 12. Amesoma mahali kwamba farasi hukimbia kilomita 45 kwa saa. Basi, anasema, dakika 16 ameshafika, na farasi hanywi petroli. Anachotaka kwangu ni ushauri tu wa aina ya kununua.

Kazi yangu ni kuchonga kwato na kuvalisha farasi viatu, na hesabu hii imeshaniota usugu.

Hizo 45 ni za shoti. Farasi akipiga shoti, kilomita chache tu pumzi zimekwisha. Safari huenda kwa hatua, kilomita 6 au 7 kwa saa, ukichanganya na matiti (msicheke, ndilo jina la mwendo wenyewe), ambayo ni kama 13 hivi. Mwanzoni unamtembeza taratibu misuli ipate moto, mwishoni unamtembeza tena apoe. Hizo kilomita 12 ni saa moja na robo, njia ikiwa nzuri. Ongeza nusu saa ya kumpiga brashi, kuchokoa kwato na kufunga tandiko. Ukiacha punje za mchanga chini ya tandiko, jioni una kidonda. Watu hunitajia Pony Express, huduma ya kupeleka barua kwa farasi huko Marekani, ya 1860 hadi 1861. Sawa, ila wale walibadilisha farasi kila kilomita 16 hadi 24. Mbio zile zilikuwa za farasi wengi, kila mmoja na kipande chake.

Uzito nao: asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi wa kilo 450 habebi zaidi ya 90. Jipime, kisha upime na mkoba.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyeniuliza. Umefika saa mbili asubuhi. Unaondoka saa kumi jioni. Katikati hapo farasi yuko wapi?

Pikipiki ukiizima, imezimika. Farasi hazimiki. Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake na limeumbwa kupokea majani kidogo kidogo mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku. Asidi ya tumboni humwagika muda wote, awe anakula au hali, na mate ya kuipoza hutoka anapotafuna tu. Mfunge kwa muda wa saa nane bila majani, kila siku ya kazi, na unamtengenezea vidonda vya tumbo kwa mikono yako. Kwa siku anataka kilo 8 hadi 10 za majani makavu na lita 30 au 40 za maji, zaidi kukiwa na joto. Jumapili humpandi, lakini anakula vilevile. Mavi ni kilo 15 na kuendelea, na mlangoni pa ofisi hayo ni yako.

Halafu kuna kamba. Sinema zimetuharibia watu: mtu anashuka, anazungusha hatamu kwenye mti mara mbili, anaingia ndani. Niliwahi kuitwa kwa farasi jike aliyefungwa hivyo getini. Mfuko wa plastiki ulipeperuka mbele yake, akarudi nyuma kwa nguvu zote, na chuma cha lijamu, kile cha mdomoni, kikampasua ulimi. Nilimkuta ametulia kabisa, kichwa chini, damu inadondoka kwenye kokoto. Farasi hafungwi kwa lijamu. Anavuliwa, anavalishwa kamba ya kichwani isiyo na chuma, anafungwa kwa fundo linalofunguka ukivuta ncha mara moja. Na awe na mwenziwe wa kumwona, maana peke yake hatulii.

Waamishi, Wakristo wa Pennsylvania, Marekani, wasiomiliki magari, wanasafiri kwa farasi mpaka leo, na wengi wao hutumia farasi waliostaafu mashindano ya kukokota vigari. Tazama wanakokwenda: ibada hufanyika nyumbani kwa mwenzao, na huko kuna banda; sokoni kuna nguzo za kufungia. Wamehifadhi na mahali pa kufikia. Mijini kwingine mabanda, mabirika ya maji na mafundi kwato viliondoka, na safari ya farasi ikafa, ingawa farasi wenyewe wapo tele.

Kuhusu lami, hapo sina ubishi wa kujigamba nao. Ukwato huota milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na lami ya kila siku huweza kuula upesi kuliko unavyoota. Navalisha chuma; chuma kinateleza. Naongeza pini ngumu chini ya kiatu kisiteleze. Sasa mguu unanata ghafla kila unapokanyaga, na mshindo wote unapanda kwenye viungo. Vitabu huchagua upande mmoja. Mimi kwa farasi mmoja nimeshabadilisha mara tatu, na bado kila baada ya wiki sita namwinua mguu nikijiuliza.

Yote haya nilimwandikia yule wa nne. Akajibu upesi kwamba nisihofu, nje ya ofisi yao kuna mti mkubwa wenye kivuli.

Nimemuuliza ni mti gani. Farasi akichoka kusimama hutafuna majani na magome, na kama ni oleanda, mmea wa sumu kali, hiyo ndiyo safari yake ya mwisho. Hajajibu bado.